Hesabu ya 23

Swali la kwanza atakalokuuliza kapteni halihusu ufundi wako. Atataka kujua kama Jumanne usiku huwa unafanya kazi. Ukimwambia una nafasi, atauliza kama umewahi kusajiliwa kwenye ligi yoyote ya pool, na ukisema hapana utamwona amechangamka. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa hushindwa kuelewa. Ameingia akijitetea tangu mlangoni, kwamba hajashika fimbo siku nyingi, kwamba huko nyumbani alikuwa akicheza kujifurahisha tu, na kumbe kila anavyojishusha ndivyo anavyozidi kutakiwa.

Katika sura zilizotangulia tumezungumza juu ya zamu za usiku, madalali wa nyumba na baridi ya Januari. Mambo hayo mtu huyazoea. Jambo ambalo Waafrika Mashariki wengi wa Marekani hulalamikia hata baada ya kupata gari na karatasi ni kwamba hawana mtu wa kuzungumza naye ambaye si mfanyakazi mwenzao wala si ndugu. Misikiti na makanisa husaidia, lakini huko tunakutana sisi kwa sisi. Jirani wa Kimarekani atakupungia mkono miaka mitano asikuulize jina. Huyohuyo, akishakuwa na wewe kwenye timu moja, atakupigia simu Jumanne saa kumi na moja jioni kukuuliza uko wapi, na atakasirika kweli ukichelewa. Sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kuwa mtu anayengojewa mahali fulani katika nchi hii, na ndiyo maana nimeipa pool sura nzima wakati benki nimezipa kurasa nne.

Kwetu, pool ni mchezo wa mshindi abaki mezani. Unaweka sarafu yako ukingoni mwa meza, unasubiri, zamu yako inafika, unacheza na aliyebaki. Ukifungwa unakaa na mwingine anaingia. Utaratibu huu ni wa haki kwa namna yake, ila una kasoro moja kubwa: anayejua anacheza usiku kucha na asiyejua anacheza dakika tano kisha anatazama saa nzima. Mwenye kuhitaji mazoezi ndiye anayeyapata kidogo, tena kwa fedha zake. Haishangazi basi kwamba katika kila baa kuna vijana watatu au wanne wasiofungika na kundi kubwa la watazamaji wenye maoni. Haishangazi pia kwamba wanaosimama kwenye meza hizo huonekana wavivu machoni pa wakubwa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na wakuu wa mikoa wakaanza kuzitupia macho meza za vibarazani. Kwa upande mwingine, mashindano ya kitaifa ya Tanzania yalikua kwa udhamini wa bia ya Safari Lager. Serikali ikifukuza, kiwanda cha bia kikikaribisha: mchezo wetu umekulia kati ya hao wawili.

Marekani nako bia ilihusika tangu mapema. Wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi yao mwaka 1979 wakiwa wamechoka na kazi isiyolipa. Mchezaji bora wa pool wa wakati ule kwa kawaida alikuwa maarufu ndani ya kumbi za pool tu. Nje ya kumbi hizo ni wachache waliomjua, na zawadi za mashindano hazikutosha kulisha familia. Walichokiona Bell na Hubbart ni kwamba gofu na bowling zilikwisha kupanga watu wa kawaida katika ligi, zikiwapa wanyonge nafuu ya pointi ili waweze kushindana na mabingwa, lakini pool, iliyokuwa katika kila baa ya nchi, haikuwa na mpango wa namna hiyo. Kampuni ya Anheuser-Busch, watengenezaji wa Budweiser, iliwadhamini na kwa miaka kadhaa ligi ikaitwa Busch Pool League. Leo inajulikana kama American Poolplayers Association, au APA, yenye makao makuu Lake Saint Louis katika jimbo la Missouri, na chama chenyewe hutaja wanachama wanaokaribia 250,000. Ziko ligi nyingine, kama vile BCA Pool League na VNEA, na wachezaji wazuri mara nyingi huzipenda zaidi. Mimi nitazungumzia APA kwa kuwa ndiyo utakayoikuta katika mji mdogo ambao hata basi halifiki, na kwa kuwa hesabu yake ndiyo inayomfaa mgeni.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mchezaji wa mchezo wa mpira wa nane ana daraja kuanzia 2 hadi 7. Kwa miaka mingi mwanamume mgeni alianza na 4, mwanamke na 3. (Wanawake ninaocheza nao wana maoni makali juu ya jambo hilo, na maoni yao hayafanani: wapo wanaoona wametukanwa, na wapo wanaoona wamepewa silaha bure.) Baada ya hapo daraja hupanda au kushuka kufuatana na matokeo. Watu wa madaraja tofauti wakikutana hawahitaji kushinda michezo sawa. Wa 7 akicheza na wa 2, inampasa ashinde michezo saba kabla mwenzake hajashinda miwili. Wa 5 akicheza na wa 3, ni minne kwa miwili. Wa 4 wawili hukimbizana hadi mitatu kila mmoja. Mfumo huo wa nafuu huitwa Equalizer, jedwali lake liko kwenye kila karatasi ya timu, na wakongwe wanalijua kwa kichwa kama watoto wa madrasa wanavyojua sura fupi.

Hadi hapo ni nafuu ya kawaida, ileile ya gofu. Ufundi wa kweli uko katika kanuni inayofuata. Timu inaweza kusajili watu hadi wanane, lakini kila usiku wanacheza watano, mmoja mmoja dhidi ya watano wa upande wa pili, na jumla ya madaraja ya watano hao haiwezi kuzidi 23.

Chukua kalamu. Wachezaji watano wa daraja la 5 wanafanya 25, hawaruhusiwi. Kapteni mwenye bahati ya kuwa na wa 7 wawili ameshatumia 14, amebakiwa na 9 za kugawia watu watatu: labda 3, 3 na 3, au 4, 3 na 2. Kila bingwa anayemwingiza anamlazimu kutafuta mnyonge wa kumsawazisha. Na wanyonge wa kweli, watu wa 2 wanaokuja kila wiki, wanaolipa ada yao na wasiokata tamaa, ni adimu kuliko mabingwa. Mabingwa wamejaa kila baa. Mtu wa 2 huwa ama hajajiunga bado, ama amejifunza na kuwa wa 3, ama ameacha.

Dada mmoja wa Moshi, muuguzi, ambaye hakuwahi kugusa fimbo hadi alipohamia huku, alinipigia simu mwishoni mwa msimu wake wa kwanza akiwa na wasiwasi.

“Kaka, hawa watu wamenilipia ada ya mwaka.”

“Wamekulipia kwa nini?”

“Wanasema mimi ni mbili.”

Alidhani ni sadaka. Nilipomfanyia ile hesabu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angeweza kuwaomba wamlipie na mafuta ya gari. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akiomba radhi kwa kukosa shimo.

Ninataka kukaa hapa kidogo, maana watu husikia habari hii na kudhani kwamba mnyonge anachukuliwa kama kijazio. Hapana. Mechi yake ina pointi sawa na ya bingwa. Anayeshinda mechi huipatia timu pointi 2. Akishinda bila mpinzani kupata hata mchezo mmoja, ni 3. Na anayefungwa akiwa amebakiza mchezo mmoja tu kufikia lengo lake huiletea timu pointi 1. Kwa hiyo wa 2 anayekutana na wa 7 anahitaji mchezo mmoja tu ili asitoke mikono mitupu. Mmoja! Wa 7 anaweza kumfunga mara sita mfululizo, kisha akazembea katika mpira mweusi, na yule dada akapata mchezo, akapata pointi, na timu ikapiga kelele kama imechukua kombe. Nimeona misimu ikiamuliwa na pointi hizo moja moja. Nimeona pia mabingwa wakitetemeka mbele ya watu wasiojua kushika fimbo, kwa sababu bingwa ndiye mwenye kitu cha kupoteza.

Sheria za mezani nazo zitamshangaza aliyezoea baa za kwetu, ambako kila baa ina katiba yake na faulo mara nyingi humpa mpinzani mapigo mawili. Hapa faulo kwa kawaida humpa mpinzani mpira mweupe mkononi: anauweka popote juu ya meza anapopenda, kisha anapiga. Kwa mchezaji mzuri hiyo ni hukumu ya kifo, na ndiyo sababu utawaona wakongwe wakicheza kujihami, wakiuficha mweupe nyuma ya mipira mingine ili ushindwe kugusa wa kwako. Kwetu jambo hilo huzomewa. Huku husifiwa, na mwandika matokeo huweka alama yake kwenye karatasi. Katika mipira ya kawaida huna haja ya kutaja shimo. Ukilenga kona hii ukatumbukiza kona ile, bahati yako inahesabika. Wachezaji wa ligi nyingine huicheka APA kwa kanuni hiyo. Mpira wa nane, mweusi, ndio pekee unaotajiwa shimo, na haitoshi kunyoosha kidole: lazima uweke alama karibu na shimo, hata kama ni kile kikaratasi cha kuwekea bilauri. Ukisahau alama ukautumbukiza, umefungwa. Ukiutumbukiza mweupe ukafuata ndani, umefungwa. Ukiutumbukiza katika pigo la kuvunja bila kufanya faulo, umeshinda, na huna haja ya kueleza ulivyofanya.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona mahali popote nyumbani. Mchezaji ana haki ya kusimamisha mchezo na kumwita mwenzake mezani amshauri kwa dakika moja. Wa daraja la 4 na kuendelea anayo mara moja katika kila mchezo, wa 2 na wa 3 mara mbili. Ni shule hiyo. Bingwa wa timu, mtu ambaye kwetu ungelazimika kumnunulia bia ndipo akuonyeshe pembe moja, anakuja mwenyewe, anainama karibu na bega lako, anaweka kidole juu ya kitambaa mahali mpira mweupe unapopaswa kusimama, anasema piga taratibu, usizungushe, halafu anarudi kukaa akiomba Mungu. Anakufundisha kwa kuwa pointi zako ni zake. Nimejifunza mengi katika dakika hizo kuliko katika miaka yote niliyosimama nikitazama waliobaki mezani.

Usiku wenyewe huanza kwa sarafu kurushwa. Anayeshinda huchagua: atoe jina la mchezaji wake kwanza, au awaache wapinzani watoe. Baada ya hapo timu hupokezana. Hapo ndipo makapteni wanapoumiza vichwa, na hapo ndipo utakapoona kwamba ligi hii ina michezo miwili inayochezwa kwa pamoja, mmoja mezani na mwingine kwenye karatasi. Wao wakimtoa wa 7, je, tumpe wa 7 wetu, au tumtupie wa 2 na kumhifadhi bingwa kwa mechi ya mwisho? Tukimtumia wa 6 sasa, 23 inatuachia nani? Mwenzetu wa 3 yuko zamu hospitalini, hafiki kabla ya saa tatu, tunaweza kusogeza? Kapteni wetu, fundi bomba mstaafu mwenye sauti ya mkwaruzo, huandika namba hizo nyuma ya risiti na kuzikatakata kwa kalamu ya risasi. Ukimuuliza habari ya mke wake wakati huo hatakusikia.

Wachezaji wawili wanaoitwa hupimana kwanza: kila mmoja anapiga mpira mmoja uende ukingo wa mbali na kurudi, na ambaye wake umesimama karibu zaidi na ukingo wa nyumbani ndiye anayevunja. Baada ya hapo mshindi wa kila mchezo ndiye anayevunja unaofuata. Meza nyingi za baa ni za futi 7, ndogo kuliko zile za futi 9 za kumbi kubwa, na udogo wake hudanganya: mashimo yako karibu, lakini mipira 15 inabanana, na mgeni hukuta njia zimezibwa kila upande. Anayetegemea nguvu huumia hapa.

Mechi tano huchukua saa nyingi. Ukiwa umecheza ya kwanza, unaweza kukaa hadi karibu saa sita usiku ukisubiri ya tano iishe, na kuondoka mapema ni utovu wa adabu ambao hakuna atakayekuambia ila wote watauona. Muda huo ndio faida. Watu wanazungumza. Mtu ataeleza talaka yake, mwingine ataeleza jinsi ya kubadilisha pedi za breki bila kwenda gereji, na wewe utaulizwa kama Tanzania iko karibu na Afrika Kusini. Jibu kwa upole. Jina lako watalivunja, kisha watalifupisha, na hatimaye watakubandika jina la utani kutokana na pigo fulani ulilopiga siku fulani. Langu sitalitaja.

Msomaji asiyekunywa pombe ataniuliza hapa, na anayo haki. Ligi nyingi huchezwa baani, kwa sababu baa ndiyo yenye meza na inayotaka wateja wa Jumanne. Unaweza kucheza misimu yote kwa soda yenye kipande cha ndimu bila mtu kukuuliza. Wenye baa wanachotaka ni kwamba usikae bure, basi nunua soda, nunua viazi, na umwachie mhudumu bakshishi ya dola moja au mbili kila unapoagiza, kwa kuwa ndiyo mshahara wake. Kama baa zenyewe hutaki kuziingia, mwambie mwendeshaji wa ligi wa eneo lako akupangie divisheni ya ukumbi wa pool. Katika miji mikubwa zipo, ijapokuwa nako pombe huuzwa kaunta. Wanaokunywa nao wapange mapema nani ataendesha gari. Mgeni anayesubiri karatasi za uhamiaji asijaribu kabisa kuendesha amelewa, maana kesi hiyo itamfuata hadi ofisi ambayo hakuna kapteni wa kumtetea.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Usinunue fimbo mwezi wa kwanza. Fimbo za ukutani zinatosha. Chagua iliyonyooka kwa kuilaza mezani na kuiviringisha, ikiruka-ruka irudishe, na tazama ncha yake isiwe bapa kama msumari. Ukishajua kwamba utabaki, nunua fimbo ya bei ya kati inayofunguliwa katikati, na usimsikilize mtu wa 4 anayekuambia kwamba fimbo ya dola elfu moja itakufanya wa 6. Beba chaki yako. Gharama nyingine ni ada ya uanachama ya mwaka na ada ya kila wiki ambayo timu huichangia, na kiasi hutofautiana kutoka eneo hadi eneo, basi uliza kabla ya kusaini. Ukijisajili umejifunga na msimu mzima. Kwa mwaka iko mitatu: ya kiangazi, ya vuli na ya machipuko.

Turudi kwenye karatasi, kwa kuwa hapo pana jambo ambalo mgeni hulipuuza na ndilo linaloendesha ligi yote. Daraja lako linapatikanaje? Mwandika matokeo wa kila timu huhesabu zamu, yaani ni mara ngapi wachezaji wote wawili wamekwenda mezani kabla mchezo haujaisha. Mchezaji mzuri humaliza kwa zamu chache, mnyonge kwa nyingi. Zamu ulizotumia kujihami kwa makusudi huondolewa, ndiyo maana ile alama ya kujihami ni muhimu. Chama hupokea karatasi hizo, hutazama zaidi matokeo yako mazuri kuliko mabaya, na hutoa namba. Kanuni kamili hawaitangazi kwa umma.

Hawaitangazi kwa sababu ya walaghai. Ukilifanya daraja la chini kuwa mali, lazima watu watatafuta kuiba mali hiyo. Wapo wanaokosa mashimo kwa makusudi katika mchezo ambao tayari wana uhakika wa kuushinda, ili zamu ziongezeke na namba ibaki 4 wakati mkono ni wa 6. Hili ndilo doa la ligi, na malumbano makali zaidi niliyowahi kusikia katika baa hizo hayakuhusu wanawake wala siasa, yalihusu mtu aliyekosa mpira uliokuwa umesimama mdomoni mwa shimo. Mwandika matokeo makini akiona pigo la namna hiyo huliandika kuwa la kujihami, na ujanja unakufa hapohapo. Ndiyo maana ninamshauri kila mgeni ajifunze kuandika matokeo wiki za mwanzo. Kazi hiyo wengi wanaikimbia, kwa hiyo utapendwa. Pia itakulazimisha kutazama kila pigo, na baada ya muda mfupi utaanza kuona nia ya mchezaji kabla hajapiga.

Kwenye ngazi za juu ulaghai hutafutwa kwa bidii zaidi. Timu zinazoshinda maeneo yao huenda Las Vegas kila mwaka, kwenye hoteli ya Westgate, jengo lilelile ambamo Elvis Presley alianza kuimba mwaka 1969 lilipokuwa na jina jingine. Huko wachezaji wanaofanya maajabu yasiyolingana na madaraja yao huchunguzwa, hupandishwa papo hapo, na timu zinaweza kuondolewa kabisa. Watu wazima hulia. Wamechanga nauli mwaka mzima, wamechukua likizo, halafu wanarudishwa nyumbani kwa sababu mwenzao alikuwa mzuri mno. Mimi nadhani chama kinafanya sawa, ingawa si rahisi kusema hivyo mbele ya mtu aliyeshikilia sanduku lake. Heshima ya mtu wa 2 wa kweli inategemea kwamba wa 2 wa uongo wafukuzwe.

Basi inakuwaje kwa asiyedanganya, anayekuja kila Jumanne, anayesikiliza ile dakika ya ushauri? Anajifunza. Na akijifunza anaiharibu timu. Yule dada wa Moshi alipopanda kuwa wa 3 tulimpigia makofi, kapteni akamnunulia soda, na palepale akatoa risiti mfukoni na kuanza kukatakata namba. Msimu uliofuata wawili wengine walipanda. Wa 7 wetu hawakuweza tena kucheza usiku mmoja. Kuna usiku tuliokuwa na watu wanane waliofika kwa wakati, wote wazima, wote wenye hamu, na hapakuwa na watano kati yao wanaoingia katika 23 bila kumwacha nje mtu ambaye hatukutaka kumwacha.

APA imekua kwa njia hiyo tangu siku za Bell na Hubbart: timu nzuri haiwezi kubaki nzima. Inakatwa katikati, kila nusu inachukua bingwa mmoja, na kila nusu inalazimika kutoka kwenda kuwatafuta watu wasiojua kucheza. Yetu ilikatwa mwezi wa Mei. Dada yule, ambaye sasa ni wa 4, alichaguliwa kuwa kapteni wa timu ya pili. Alinipigia simu wiki hiyohiyo kuniuliza kama kuna Mtanzania yeyote aliyehamia karibuni, ikiwezekana asiyewahi kushika fimbo, na kama Jumanne huwa anafanya kazi.